Kisu cha Fundi Cherehani

Tarehe 6 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya mwezi uliopita ilifika salama. Mimi ni mzima, isipokuwa macho. Uzi na tundu la sindano havielewani tena, kwa hiyo cherehani nimeifunika shuka na wateja wangu nimewaelekeza kwa mafundi wenye macho. Mama yako naye hajambo. Anakusalimu.

Fomu ya gereza imefika. Afisa ustawi aliileta mwenyewe, akanywa chai, akatueleza. Ukitoka mwezi wa saba ni lazima iwepo nyumba ya kukupokea, na kila mtu mzima anayeishi humo atie sahihi kwamba amekubali. Mwisho ni tarehe thelathini Juni. Nyumba hii ina watu wazima wawili. Mimi nilitia sahihi yangu pale pale, hata kalamu yake nikasahau kumrudishia. Mama yako aliichukua fomu, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya redio. Iko hapo mpaka leo. Usiwe na wasiwasi, mama yako unamjua, ni mtu wa kuiva taratibu.

Sasa nikupe habari ya kukuchekesha. Baba yako, na miaka yake sitini na minane, anajifunza kutengeneza visu.

Usishtuke. Unajua mwenyewe, tangu siku ile uliyomchoma mjomba wako akafa, polisi wakaondoka na kisu cha jikoni, mama yako hajaruhusu kisu kingine kuvuka mlango wetu. Miaka sita sasa anakata vitunguu kwa mkasi wangu wa kitambaa. Nyanya anazipasua kwa vidole. Nyama anamwambia mwenye bucha aikatekate huko huko. Alikula kiapo mbele ya dada yake kwamba mtu wa nyumba hii hatanunua kisu tena. Nimekaa nikawaza: alisema kununua. Kutengeneza hakukutaja. Nikimtengenezea kwa mikono yangu, akakipokea jikoni kwake, basi moyo wake utakuwa umeanza kulegea, na kutoka hapo kwenda kwenye fomu si mbali.

Stoo nimeisafisha. Meza ya kukatia nguo ndiyo imekuwa meza ya kazi. Jirani yetu mchomeleaji, yule wanayemwita Miwani kwa sababu miwani yake ya kazi haishuki kutoka kwenye paji la uso, amenipa kipande cha spring ya gari, tupa mbili za kusugulia chuma na jiliwa lenye kutu la kukibania. Anasema spring ya gari ni chuma kizuri kwa anayeanza. Nami nimeanza kama ninavyoanza suti: nimekata pateni ya karatasi kwanza, kwa jicho tu, bila rula. Nimekuchorea hapa chini uione ilivyokaa vizuri.

Ni mimi baba yako,
Fundi


Tarehe 2 Februari

Baba, shikamoo. Na mama mpe shikamoo yake.

Barua yako imenifikia ikiwa na tundu. Bwana wa barua, yaani askari anayezisoma zote kabla yetu, aliukata mchoro wako kwa wembe, na neno kisu akalipaka wino kila lilipotokea. Aliniita. "Baba yako anakufundisha nini?" Nikamweleza habari ya mama na mkasi. Akasema maneno ataruhusu, michoro hapana. Kwa hiyo andika tu, baba, ila usichore.

Nilicheka kidogo, ndiyo. Wewe ambaye kuku akichinjwa ulikuwa unajifanya una mteja.

Kuhusu fomu, usimsukume mama. Nikikosa sahihi yake nitapelekwa kwenye nyumba ya watu wasio na wa kuwapokea. Iko mbali, na wengi waliokwenda huko nimewaona wakirudi hapa kabla mwaka haujaisha. Nakwambia ili ujue, sio ili umtishe nayo. Nataka kurudi nyumbani. Nataka sana, sitakuficha.

Jambo moja tu. Kila barua unaniandikia "mama anakusalimu". Mama hajawahi kunisalimu hivyo tangu nizaliwe. Nikimpa shikamoo huitikia marahaba, hata siku aliyokasirika, hata akiwa amegeukia ukuta. Miaka sita natuma shikamoo na marahaba haijaja. Bora uniambie kweli kuliko kunitungia.

Mwanao


Tarehe 25 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako ana mambo mengi kichwani, usimpimie maneno.

Kazi ya stoo imenitoa jasho. Kwanza chuma kinatakiwa kulainishwa. Unakiweka kwenye mkaa mpaka kiwe chekundu, unakifukia kwenye majivu, unakiacha kipoe siku nzima. Hilo niliweza. Kisha tupa. Mwanangu, tupa! Wiki mbili nasukuma tu, mabega yakawa si yangu, vumbi la chuma puani, kwenye ndevu, kwenye chai. Lakini umbo likatoka, tena zuri. Sasa unakipasha tena moto, unakigusisha sumaku, na pale sumaku inapokataa kukishika ndipo unakizamisha ghafla ili kiwe kigumu. Miwani aliniambia nikizamishe kwenye mafuta. Mimi nikaona mafuta ni uchafu tu, nikakitia kwenye ndoo ya maji. Kikalia tii! Ufa kutoka kwenye makali mpaka mgongoni. Miwani alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia chuma hiki hakipendi kushtuliwa.

Cha pili nikakizamisha kwenye mafuta ya injini yaliyochakaa. Hakikupasuka, ila kilipinda kama ndizi, kwa sababu upande mmoja nilikuwa nimeutafuna kwa tupa kuliko mwingine. Hivyo navyo vina kisirani. Unakosea mwezi wa kwanza, kosa linakuja kuonekana mwezi wa pili.

Juzi mama yako alikuja mpaka mlangoni pa stoo. Alisimama, akavitazama vile vipande viwili vilivyoharibika, kisha akaenda kufunga dirisha la jikoni kwa ajili ya moshi. Mimi nimelichukulia kuwa ni jambo jema, maana tangu niingie stoo hakuwahi kufika.

Fomu bado iko chini ya redio. Naifuta vumbi.

Baba yako,
Fundi


Tarehe 20 Machi

Baba, shikamoo. Mama shikamoo.

Bwana wa barua anauliza umefikia wapi. Anasema shemeji yake anafua majembe na hajawahi kusikia habari ya sumaku. Sasa barua yako inasomwa kabla ya zote, na siku ile ya ndoo ya maji alikuja kunisimulia yeye mwenyewe kabla sijaipata. "Mzee wako ni kichwa ngumu," akaniambia, na alisema kwa mapenzi.

Mimi wamenihamishia jikoni. Nasugua masufuria makubwa, ninaingia ndani mpaka mabega. Visu vya huku vimefungwa mezani kwa minyororo, na sisi wa kesi kama yangu hatuvigusi hata hivyo. Tunaletewa viazi vikiwa vimeshamenywa.

Nikisugua nawaza. Nawaza sana ile chupa, baba. Wakili alisema iachwe ibaki kama ulivyoieleza wewe mahakamani, kwamba mjomba alinijia na chupa mkononi, nami nikanyamaza, na kwa ajili ya chupa hiyo nikapewa miaka saba badala ya ile mingi zaidi. Mama alikuwa amekaa mstari wa pili. Nilimwona akitazama mikono yake. Hakuinua kichwa mpaka wote wakatoka. Sijui kama nawe unaikumbuka ukiwa unapiga tupa.

Mwanao


Tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hayo ya chupa yaache yalipo. Yamekwisha, na barua hizi zina macho mengi.

Kimetoka! Cha tatu kimetoka! Mwambie Bwana wa barua. Nilikizamisha kwenye mafuta niliyoyapasha kwanza, nikakishika wima bila kukitikisa, nikahesabu mpaka kumi na tano. Kilipopoa nikakijaribu kwa tupa, tupa ikateleza juu yake kama kwenye kioo. Miwani akanionya nisishangilie, kwa sababu kikiwa kigumu hivyo kikianguka sakafuni kinavunjika. Ni lazima kirudishwe kwenye moto mdogo kipunguze ukali wa roho. Basi mama yako alipokwenda sokoni nikakiweka kwenye oveni yake kwa muda wa saa mbili. Kikatoka na rangi ya chai isiyokolea, kama inavyotakiwa. Oveni ilinuka mafuta ya injini. Alirudi, akainusa, akanitazama, akachukua kitambaa akaifuta. Unaona? Zamani angenifukuza nje.

Mpini nimeutoa kwenye ubao wangu wa kupigia pasi, ule uliovunjika mguu. Nimeushika kwa pini tatu za shaba nilizozikata kwenye komeo la zamani. Kilipokwisha ndipo nikachukua futi kamba kwa mara ya kwanza, kujipima mimi mwenyewe. Bapa sentimita kumi na nane kamili. Upana, pale linapokutana na mpini, nne na nusu. Mgongo umenyooka, halafu unashuka kidogo ukikaribia ncha. Mpini kumi na mbili, na una tumbo dogo pale kinapokaa kidole cha mwisho. Yote hayo bila rula, kutoka kwenye karatasi niliyoikata kwa jicho! Macho yamekwisha lakini mkono haujafa.

Bado nakisugua kwa msasa laini. Jumapili ya mwisho wa mwezi nitamkabidhi, nikiwa nimevaa shati la kola. Baada ya hapo nadhani tutaisoma fomu pamoja.

Baba yako,
Fundi


Tarehe 24 Aprili

Baba, shikamoo.

Tunaruhusiwa barua moja kwa mwezi, ya mwezi huu nilishamwandikia afisa ustawi, hii ni ya pili na Bwana wa barua ameniruhusu kwa huruma yake tu, kwa hiyo nitasema kwa haraka. Usimpe mama kisu hicho.

Soma tena ulichoniandikia. Kumi na nane. Nne na nusu. Pini tatu za shaba. Tumbo dogo pale kidole cha mwisho kinapokaa. Vipimo hivyo nilivisikia vikisomwa mahakamani mbele ya mama, nikavisikia tena siku ya hukumu. Kielelezo namba mbili. Umekitengeneza kile kile, baba. Mchoro wako ungenifikia mwezi wa kwanza ningekujulisha siku ile ile.

Naomba Mungu barua hii iwahi.

Mwanao


Tarehe 3 Mei

Mwanangu,

Barua yako ya mwezi wa nne bado sijaipata, posta wamelala.

Kisu nilimpa Jumapili kama nilivyosema. Alikifungua kwenye karatasi yake na akakishika.

Mama yako amekwenda kwa mama yako mkubwa kubadilisha hewa. Ni siku chache tu. Mimi najipikia. Kitunguu nimekikata kwa mkasi, kumbe ni kazi.

Sina mengi.

Fundi


Tarehe 19 Mei

Mwanangu,

Barua yako ilifika tarehe sita. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza najikuta naandika uongo, na nimechoka kukuandikia uongo.

Nilipomaliza kukusoma nilikwenda jikoni. Kando ya jiko, ukutani, kuna msumari ambapo kile kisu cha zamani kilikuwa kikining'inia. Moshi wa miaka mingi uliuchafua ukuta wote isipokuwa pale kilipokuwa, pakabaki kivuli cheupe chenye umbo lake. Mama yako hakupaka rangi pale na mimi sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilikichukua kisu changu nikakiweka juu ya kivuli hicho. Kilijaa. Hakikuzidi wala hakikupungua. Miaka sita nakunywa chai nikiwa nimekielekea kivuli kile, halafu nikaenda stoo nikajiona bingwa wa kukata kwa jicho. Fundi cherehani ndivyo tulivyo, mteja tuliyemzoea hatumpimi tena. Nilikuwa nanakili, na sikujua.

Nikueleze basi ilivyokuwa. Alifungua karatasi pale mezani. Alikiweka chini polepole. Akaenda kunawa mikono, akarudi, akakitazama, akaenda kunawa tena. Mimi nilikuwa nimesimama na shati langu la kola nikisubiri anisifu. Akasema, "Na hiki nacho umekiweka wewe." Kisha akaingia chumbani akatoka na begi. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Na ile marahaba, mwanangu, ulikuwa sahihi. Hajawahi kuisema. Barua zako nazisoma kwa sauti sebuleni, na nikianza tu yeye huenda jikoni akafungua bomba la maji. Nilikuwa nakutungia salamu kwa sababu nilidhani mtu aliyefungiwa anahitaji kitu cha kushika.

Fomu bado iko chini ya redio. Redio yenyewe siiwashi.

Kisu nitampelekea Miwani akakiyeyushe.

Baba yako


Tarehe 2 Juni

Baba, shikamoo.

Usijilaumu kwa kisu. Kama ni lawama zipo za kutosha, na yako si ya kwanza. Kukiyeyusha au kutokiyeyusha ni juu yako, lakini usitengeneze kingine kwa ajili yangu. Nimemwambia afisa ustawi aniandikie nafasi kwenye ile nyumba ya mbali, endapo itafika tarehe thelathini bila sahihi. Nilisema hivyo na nikarudi kwenye masufuria yangu, na nililia humo ndani ambamo mtu haoni.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi iliyokunjwa. Ni ya mama. Tafadhali ipeleke mpaka mkononi mwake, na usiifungue.

Mwanao

*

Mama, shikamoo.

Mjomba hakuwa na chupa.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Aliniambia, "Mpwa wangu, nikatie mkate," nami nilikuwa namkatia. Ndiyo sababu kisu kilikuwa mkononi mwangu. Akaanza kunitania kuhusu kufukuzwa kazi ghalani. Alisema nimefukuzwa hata na magunia. Akacheka kile kicheko chake cha puani. Siku nyingine ningecheka naye. Siku ile niligeuka. Hakuinua mkono, mama. Alinitazama akasema, "We, mpwa wangu," kama mtu aliyemwagiwa chai, wala hakuwa na hasira.

Nilikuacha ukae mstari wa pili ukisikia ndugu yako akiitwa mlevi mwenye vurugu, na nilikuwa na mdomo na sikuufungua. Niliogopa ile miaka mingi. Kumuua nilimuua kwa hasira ya dakika moja. Kunyamaza nimenyamaza miaka sita nikiwa na akili zangu zote. Sikuombi sahihi. Nilitaka usikie kutoka kwangu.

Bwana wa barua ameisoma hii. Aliniuliza kama nina hakika, maana kilichoandikwa kimeandikwa na huenda kikanirudia. Nimemwambia aipitishe.

Mwanao


Tarehe 13 Juni

Mwanangu,

Uliniomba nisiifungue. Niliifungua. Nilikaa nayo mfukoni siku tatu, nikienda nayo stoo na kurudi nayo.

Wewe umesema yako, na mimi niseme yangu, hata kama Bwana wa barua atanikatia wembe. Chupa niliichukua mimi kabatini. Niliiweka karibu na mkono wa shemeji yangu kabla polisi hawajafika. Mama yako alikuwa amepiga magoti pale pale sakafuni, amempakata kichwa. Aliniona. Alinitazama usoni nikiwa naiweka. Hakusema neno siku ile, wala mahakamani, wala kitandani, na mimi nikajiambia kwamba hakuona. Miaka yote hii nimelala na mwanamke aliyeniona. Aliposema "Na hiki nacho umekiweka wewe", nilijua anasema nini. Kwenye barua yangu nilikuachia maneno yake bila maelezo, nikijua hutayaelewa.

Nilitaka kukuokoa wewe. Hilo bado ni kweli. Lakini yeye alikuwa ni mdogo wake wa pekee, na nilimfanya afe mara ya pili mbele ya watu.

Siku ya nne nilikwenda kwa dada yake. Nilimpa karatasi yako mkononi, nikatoka nikakaa kwenye ngazi. Saa nzima. Alipotoka nilimwambia ya chupa kwa mdomo wangu, kwa sauti, na dada yake akisikia. Akaniambia, "Nyanyuka, unawazibia watu njia." Kesho yake akarudi nyumbani. Hasemi na mimi, ila amerudi.

Kisu sikukiyeyusha. Nilifika nacho kwa Miwani nikashindwa kukiacha na nikashindwa kuondoka nacho. Mwishoni nikamwambia akate ncha. Alikikata kwa grinda, dakika moja, ile ncha ikaruka chini ya meza na hatukuitafuta. Nimekiacha mezani jikoni. Kama atakitupa, ni haki yake.

Zimebaki siku kumi na saba.

Baba yako


Tarehe 24 Juni

Wewe,

Sijui kuandika marefu kama baba yako, na sitaanza leo.

Karatasi yako nimeisoma. Nimeisoma kwa dada yangu, nikaisoma njiani, nikaisoma hapa. Miaka sita baba yako alidhani nimegombana na kisu. Nilikuwa namsikia huko stoo, kwaru kwaru kutwa nzima, nikajisemea, huyu atatengeneza visu mpaka azeeke na neno moja hatalisema. Mkasi niliutumia kwa sababu kila nikikata kitunguu kwa mkasi wake wa kitambaa alikuwa anakosa raha, na mimi nilitaka akose raha. Sasa unajua mama yako ni mtu wa namna gani.

Mdogo wangu nilimlea mimi. Nilimbeba mgongoni nikiwa mwenyewe bado mtoto. Alikuwa na mdomo mrefu na utani usio na breki, lakini mkono wake haukuwahi kumpiga mtu. Mtaa mzima mpaka leo unasema ulevi wake ndio uliomuua. Nikienda dukani nakutana na maneno hayo yamenitangulia. Wewe uliniulia ndugu, baba yako akamchafulia jina, kisha mimi nikatakiwa niwapikie wote wawili na nitie sahihi.

Sijakusamehe. Fomu nimeisoma kutoka juu mpaka chini nikitafuta mahali inapouliza hilo, haiulizi. Inauliza kama nitakupokea. Nimeandika ndiyo. Afisa amekuja kuichukua leo asubuhi, na kalamu yake nimemrudishia.

Chumba alichokuwa akilala mjomba wako hakifunguliwi. Utalala stoo, na vumbi la chuma la baba yako. Jumapili ya kwanza mtakwenda kaburini, wote wawili. Halafu mtapita mlango kwa mlango mtaa huu, mkianzia dukani, mkisema hapakuwa na chupa. Kama kuna mtu atawapeleka polisi kwa hilo, mtakwenda. Baba yako nimeshamwambia. Alilia, nikamwacha alie.

Kile kisu kipo. Bila ncha kimekaa vibaya kama mbwa aliyekatwa mkia, lakini kinakata, hilo siwezi kumnyima. Nimekitundika kwenye msumari. Siku utakayofika utakaa mezani ukate mkate kwa kisu hicho. Kipande kimoja utakiweka mahali alipokuwa akikaa. Mimi nitakuwa mbele yako, nakutazama, mpaka umalize. Mkono wako ukitetemeka, na utetemeke.

Barua zako zote nilizisikia. Bomba nilikuwa nafungua, ila sio kwa nguvu.

Marahaba.

Mama yako